UTALII WA KUPIGA MBIZI: TUSIWE WATAZAMAJI KATIKA MAJI YETU

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba hadi mwezi wa Machi hivi, wageni kutoka Ulaya, Marekani na Asia husafiri maelfu ya maili hadi Kilindoni, kisiwani Mafia, kwa shabaha moja tu: kuogelea ubavuni mwa papa potwe. Huyo ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Aliyekomaa aweza kupita urefu wa mita 12. Hamdhuru binadamu. Chakula chake ni dagaa na viumbe vidogo vinavyoelea majini, na wavuvi wa Mafia wamemzoea kwa sababu wao na yeye hufuata windo lilelile. Mgeni hulipa fedha zake, huvaa miwani ya maji na mapezi ya mpira, hujitosa, na kwa dakika chache huona kwa macho yake jambo ambalo wengi wetu hatujaliona hata katika picha.

Habari za namna hii zikisimuliwa katika ofisi za Sumbawanga, jibu la kawaida ni kicheko. Hayo, husemwa, ni mambo ya Wazungu na ya watu wa pwani. Sisi wa Ufipa tuna mahindi, ulezi, maharage na ng'ombe. Samaki tunaowajua ni migebuka na dagaa waliokaushwa, wanaopandishwa sokoni kutoka ziwani. Anayetaka kuzama chini ya maji kuangalia samaki bila ya kumvua, basi ana fedha nyingi kuliko akili.

Makala haya yanakusudia kuipinga fikra hiyo. Ni fikra potofu, ina madhara, na jambo la kusikitisha ni kwamba wanaoieneza si wakulima wala wavuvi. Ni sisi wenyewe, watumishi wa umma na walimu, tuliosomeshwa kwa jasho la wakulima na wavuvi hao.

ZIWA LILILO MIGUUNI PETU

Hebu tuanze na jiografia. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka upande wa magharibi, kupitia Namanyere hadi Kirando na Kipili, au kupitia Matai hadi Kasanga, unafika ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kwenye mita 770 hivi. Ziwa hilo lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Duniani pote ni ziwa la Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Karibu moja ya sita ya maji matamu yote yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu, imo ndani ya bonde hilo tunalolipa mgongo.

Wamo samaki wa ukoo wa perege zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Kila mwamba wa pwani yake una wakazi wake. Samaki wa ghuba moja hutofautiana rangi na ndugu zake wa ghuba ya pili. Yumo kuhe, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote wa ukoo huo duniani. Dume na jike huyalinda mayai na watoto wao pamoja, nao humkabili adui yeyote anayesogea. Hakuna nyangumi katika Ziwa Tanganyika, na papa potwe hayumo. Lakini mpiga mbizi aliyezoea bahari husafiri hadi Kipili kumtazama kuhe akililinda kundi la watoto wake, kama vile anavyosafiri hadi Mafia kumtazama potwe.

Kwa hiyo upigaji mbizi si jambo la mbali. Umekwisha kufika katika mkoa wetu. Swali si kama tuukaribishe au tuufukuze. Swali ni hili: ukiwapo, mwananchi wa Rukwa awe nani ndani yake? Awe mwenye nyumba, au awe mbeba mizigo?

MJADALA WA ZAMANI, SOMO LA LEO

Swali hilo si geni katika nchi hii. Mwaka 1970 gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilichapisha mjadala mkali juu ya utalii. Vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU pale Mlimani walihoji kama ilikuwa haki kwa nchi iliyotangaza Azimio la Arusha miaka mitatu tu kabla ya hapo kutumia fedha za umma kujengea wageni mahoteli. Wengine walijibu kwamba Taifa lahitaji fedha za kigeni, na kwamba mtalii si mkoloni. Barua na makala za mjadala huo zilikusanywa na Issa Shivji na kuchapwa kuwa kitabu na Tanzania Publishing House mwaka 1973.

Miaka zaidi ya hamsini imepita. Historia imeamua sehemu moja ya mabishano yale: utalii umebaki, nao umekuwa miongoni mwa nguzo za fedha za kigeni za nchi. Lakini sehemu ya pili, iliyowauma vijana wale, haijajibiwa. Hawakuogopa wageni. Walichokiogopa ni uhusiano wa bwana na mtumishi kurudi kwa mlango wa nyuma: mtu wetu kuijua kazi ya kutandika kitanda na kubeba sanduku, na ujuzi wenyewe, mtaji wenyewe na maamuzi yenyewe kubaki mikononi mwa wengine.

Atazamaye upigaji mbizi ataona hofu ile ilikuwa na msingi. Katika utalii wa mbugani, Mtanzania ni dereva, ni mwongozaji, ni askari wa wanyamapori, ni mhifadhi, na ni mtaalamu aliyesomea Mweka. Ameijua mbuga, na mgeni humtegemea. Chini ya maji mambo mara nyingi huwa kinyume. Mwalimu wa kupiga mbizi ni mgeni, mitungi ya hewa ni ya mgeni, ramani ya miamba iko kichwani mwa mgeni. Mtu wetu hushika usukani wa mashua na kungojea juu, akitazama mapovu.

SAMAKI WENYE MAJINA YA WATU

Tutazame pia jambo la samaki wa mapambo. Kwa miongo mingi wapiga mbizi wamekuwa wakizama katika Ziwa Tanganyika, upande wetu na pande za nchi jirani, wakinasa samaki wadogo wenye rangi na kuwasafirisha hadi Ulaya, Marekani na Japani, wakafugwe ndani ya matangi ya vioo. Katika biashara hiyo, samaki huitwa kwa jina la mahali alikotoka. Mtu wa Ujerumani, sebuleni kwake, hujisifu kwamba anaye "Kipili" au anaye "Samazi". Majina ya vijiji vyetu yamekuwa alama za bidhaa katika nchi ambazo wanavijiji wenyewe hawatazifika. Ni mwalimu gani wa Nkasi au Kalambo aliyewahi kuwaeleza wanafunzi wake habari hiyo?

Majina ya kisayansi nayo yana hadithi yake. Samaki mmoja wa miamba anachukua jina la Moore, Mwingereza aliyefika ziwani katika miaka ya 1890. Mwingine anachukua jina la Brichard, Mbelgiji aliyefanya biashara ya samaki wa mapambo mjini Bujumbura, na ambaye mwaka 1978 alitoa kitabu kikubwa cha Kiingereza juu ya samaki wa ziwa hili. Hatuwalaumu watu hao. Walizama, wakatazama, wakaandika. Anayeandika ndiye anayetoa majina. Lawama, kama ipo, ni yetu sisi tuliokaa juu ya kilima tukiwa na kalamu mfukoni.

Liko jambo jingine katika biashara hiyo ambalo lafaa kuwafikirisha watu wenye dhamira. Samaki aliyenaswa kwenye kina kirefu hapandishwi juu kwa mara moja. Kifuko cha hewa kilicho ndani ya mwili wake kingetanuka na kumwua. Kwa hiyo huwekwa katika kizimba na kupandishwa kidogo kidogo, hatua kwa hatua, pengine kwa muda wa siku kadhaa. Uangalifu huo ni mzuri. Lakini swali ni lazima liulizwe: kijana wa kijijini anayeajiriwa kuzama na kumnasa samaki huyo, naye hupandishwa kwa uangalifu huohuo? Amefundishwa? Ana cheti? Nani katika halmashauri zetu amewahi kwenda kumwuliza?

HATARI AMBAYO HATUIJUI

Wasomaji wengine watashangaa kwamba kupanda juu kwaweza kumdhuru mtu. Ndiyo ujinga wenyewe tunaousema. Tangu Cousteau na Gagnan wa Ufaransa walipotengeneza mwaka 1943 chombo cha kumwezesha mtu kupumua hewa ya mtungi chini ya maji, sheria moja ya maumbile imewaua au kuwalemaza wapiga mbizi wengi. Mtu anayepumua hewa chini ya maji hupumua hewa iliyoshindiliwa. Naitrojeni iliyomo huyeyuka katika damu na katika nyama za mwili. Akipanda polepole, hutoka kwa njia ya pumzi bila ya madhara. Akipanda upesi, hufanya mapovu ndani ya mwili, kama yanavyofanya chupa ya soda inapofunguliwa kwa ghafla. Viungo huuma, miguu hupooza, na wengine hufa.

Hapa ndipo Ufipa inapoingia kwa namna ambayo vitabu vya pwani havikuifikiria. Mpiga mbizi wa Mafia akitoka majini hukaa palepale kwenye usawa wa bahari. Mpiga mbizi wa Kipili akitoka majini jioni na kupanda gari kuja Sumbawanga, hupanda zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Mwili wake, uliokuwa haujamaliza kuitoa naitrojeni, hupandishwa mara ya pili. Ndiyo sababu kanuni za upigaji mbizi humtaka mtu angoje angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Na kwa sababu ileile humwonya asiharakishe kupanda milima. Hata majedwali ya kawaida ya kupigia mbizi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari, hayana budi kurekebishwa kwa ziwa lililo kwenye mita 770.

Ugonjwa huo hautibiwi kwa sindano ya malaria. Mgonjwa hupewa oksijeni na kuingizwa katika chumba maalum chenye hewa ya kushindiliwa. Je, mganga wa zahanati katika vijiji vya ukingoni mwa ziwa amefundishwa kuzitambua dalili zake? Au ataona kijana analalamika viungo, atampa dawa ya maumivu, na kumwandikia rufaa ya kupanda gari kuelekea juu, yaani kumzidishia ugonjwa kwa nia njema?

SI MCHEZO WA ANASA

Wako watakaosema: haya ni anasa. Mkoa una mahitaji ya madawati, ya dawa na ya mbolea. Tutawezaje kuzungumza juu ya kuzama majini? Hoja hiyo yaonekana kuwa ya kimapinduzi, lakini haisimami.

Kwanza, nchi yetu imekwisha kulipa kwa maisha ya watu gharama ya kutojua kuzama. Mwaka 1996 MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria, na mamia ya watu wakafa. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, na wapiga mbizi wakaja kutoka Afrika Kusini kusaidia, wakashindwa kwa sababu ya kina na nguvu ya mkondo. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228. Lakini siku ya pili baada ya ajali, fundi mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko hicho, na waliomtoa walikuwa wapiga mbizi. Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliofika mbele. Basi ujuzi uleule ambao mgeni huutumia kumtazama papa potwe ndio unaomtoa mama na mtoto katika chombo kilichopinduka. Ukiuita ujuzi huo anasa, umesema uhai wa abiria wa Wampembe na Kala ni anasa.

Pili, kuna jambo la uchumi na haki kwa pamoja. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa, shughuli za uvuvi zikapumzishwa ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi huo uliafikiwa na nchi zote nne zenye ziwa hili, ambazo tangu mwaka 2003 zinao mkataba wa kulisimamia kwa pamoja. Sababu zilikuwepo. Nyavu zimezidi, na wataalamu wameonyesha pia kwamba maji ya juu ya ziwa yanapozidi joto, chakula kilicho chini hakipandi vizuri, na samaki hupungua. Mvuvi wa Kirando aliambiwa atundike wavu, akatundika. Alijinyima kwa ajili ya samaki.

Sasa samaki waliolindwa kwa njaa ya mvuvi wakija kuwa kivutio cha mtalii, je, si haki mvuvi huyo awe na hisa katika kivutio hicho? Huwezi kumwita mlinzi wakati wa kujinyima, kisha ukamwita mpita njia wakati wa kugawana mapato. Huo si uhifadhi. Huo ni mrija uleule wa zamani, umebadilishwa rangi tu.

Mafia inatufundisha pande zote mbili za jambo hili. Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliundwa mwaka 1995, chini ya sheria ya mwaka 1994 ambayo inazitambua halmashauri za vijiji katika mipango yake. Hilo ni jema, na matumbawe yaliyokuwa yakivunjwa kwa baruti yamepata mtetezi. Lakini wavuvi wa visiwa hivyo wamelalamika mara nyingi kwamba makatazo huwafikia upesi kuliko manufaa. Na maji ya Kilindoni, ambako papa potwe huonekana kwa wingi, yako nje ya mipaka ya hifadhi. Huko usalama wa samaki huyo, ambaye tangu mwaka 2016 amehesabiwa duniani kuwa yumo katika hatari ya kutoweka, hutegemea sana ustahimilivu wa mvuvi anayemfungulia wavu. Mvuvi akiona potwe anamnufaisha, atamfungulia. Akiona anamnufaisha mwenye hoteli peke yake, kwa nini akatize wavu wake wa thamani?

WAJIBU WETU

Wako pia wa upande wa pili, wanaosema: mwacheni mwekezaji aje, ajenge, alete dola zake, mengine yatajipa. Hao nao wanakosea. Hakuna kinachojipa. Mwalimu Nyerere, katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961 juu ya wanyamapori, alikubali wazi kwamba kazi hiyo ingehitaji wataalamu na fedha kutoka nje. Hakuishia hapo; Watanzania walipelekwa kusomea kazi hiyo, na Chuo cha Mweka kikafunguliwa mwaka 1963. Aliyoyaona Mwalimu juu ya nchi kavu yatupasa tuyaone chini ya maji.

Nini basi kifanyike hapa kwetu? Halihitaji kungoja bajeti kubwa wala tume.

Walimu wa sekondari za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo wanaweza, katika vipindi vyao vya jiografia na baiolojia, kulifundisha Ziwa Tanganyika kama somo la nyumbani. Mwanafunzi anayeweza kuchora mito ya Ulaya lakini hajui kwamba kuhe hapatikani nje ya ziwa la wilaya yake, hakupewa elimu ya kujitegemea. Amepewa kasumba.

Shule za ukingoni mwa ziwa zifundishe watoto kuogelea, wavulana kwa wasichana. Atakayesema ziwa lina mamba, viboko na kichocho, amesema kweli. Ndiyo sababu mahali pachaguliwe kwa shauri la wazee na wavuvi wanaoyajua maji, na mganga ahusishwe. Hatari ya maji haiondolewi kwa kumweka mtoto mbali nayo, kwa kuwa mtoto wa mvuvi atapanda mtumbwi hata hivyo.

Mabwana samaki wapewe nafasi ya kujifunza kupiga mbizi. Afisa anayepewa dhamana ya miamba asiyoweza kuiona ni sawa na bwana shamba asiyeruhusiwa kuingia shambani. Taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi ina kituo Kigoma. Vijana wa Rukwa wapelekwe huko, na wakirudi wawafundishe wenzao.

Halmashauri nazo, zinapokaa na mtu anayetaka kuendesha utalii wa kupiga mbizi au kunasa samaki wa mapambo, zidai mambo matatu kwa maandishi: kijiji kipate sehemu ya mapato, vijana wa kijiji wafundishwe hadi kufikia ualimu, si kuishia kwenye kubeba mitungi, na wanaozama wawe na mafunzo, vifaa na oksijeni ya dharura. Mwekezaji mwema hataogopa masharti hayo. Atakayeyaogopa, heri asije.

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika matanuri waliyoyajenga kwa mikono yao, wala hawakumngoja mgeni awaambie kwamba mawe ya milima yao yana thamani. Walichimba, wakajaribu, wakajua. Ziwa lililo miguuni petu lina utajiri wa namna nyingine, nalo linadai juhudi ileile. Mgeni anakaribishwa; avae miwani yake, ashuke, amtazame kuhe na watoto wake. Lakini atakayemtangulia kushuka, atakayemwonyesha njia, atakayempandisha salama na atakayemweleza jina la samaki huyo kwa lugha ya nchi, sharti awe mtoto wa Kipili, wa Kala au wa Kasanga. Kazi ya kumwandaa mtoto huyo ni yetu, na kila mwaka unaopita kabla ya kuianza ni mwaka mmoja zaidi wa kukaa juu ya mashua tukitazama mapovu.